Bei Si Thamani: Simu Mbili za Bei Nafuu na Mizani ya Funzi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangalifufuka leo wakasimama mbele ya maduka ya simu ya Ukunda, wangalilazimika kuiongezea methali hiyo kipande cha tatu, kwani siku hizi chema na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa vipaza sauti. Mvuvi aliyetoka Funzi na fedha zake za msimu hufika hapo akaulizwa swali moja tu: una ngapi? Akishataja kiasi alicho nacho, huonyeshwa simu yenye kioo kikubwa kuliko zote zinazoweza kununuliwa kwa kiasi hicho. Haulizwi ataitumia wapi, kwa kazi gani, wala ataichaji vipi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la dukani halitoshi. Thamani ya simu ya bei nafuu haimo katika inchi zake wala katika bei yake. Imo katika uhusiano baina ya simu, kazi ya mwenye nayo na mahali anapoishi. Ili hoja hii isielee hewani, nitazilinganisha simu mbili zinazojulikana nchini Kenya, nizipime kwa mizani ya kisiwa kimoja cha Kwale.

Huenda msomaji akauliza: simu na Chama cha Kiswahili wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba tumekuwa tukigombania jina lake kwa miaka mingi, huyu akisema rununu, huyu simujanja, yule simu ya kisasa, huku tukisahau kuijadili simu yenyewe. Na hali ni kwamba Kiswahili kingi kinachoandikwa kila siku leo huandikwa kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu. Aidha, mwanafunzi wa fasihi simulizi asiye na fedha za kununua kinasa sauti hana chombo kingine cha utafiti ila hicho hicho. Simu mbaya humharibia kazi, nami nina ushahidi.

Nilikwenda Funzi kukusanya ngano. Anayekwenda huko hushuka hadi Bodo akapanda chombo, akakatiza maji yaliyozungukwa na mikoko karibu na mdomo wa mto Ramisi. Nilikuwa nimebeba simu yenye kioo kipana, ambayo chapa yake haina umuhimu katika hoja hii. Bibi mmoja alikubali kunitambia ngano ya msichana aliyechukuliwa na zimwi. Alipofika pale msichana anapoimba ili nduguze wamtambue, simu ikaandika kwamba hifadhi imejaa. Nilifuta picha upesi upesi. Nilipowasha tena, betri ilikuwa imebakiwa na asilimia nne. Bibi akacheka akasema, "Mjukuu wangu, simu yako imechoka kabla ya bibi yako."

Nilirudi siku ya tatu. Bibi, kwa ukarimu wake, akaitamba tena ngano ile ile, lakini wimbo wa msichana ulikuwa mwingine. Sisi tuliosoma nadharia ya fasihi simulizi tunajua sababu: tangu Albert Lord achapishe utafiti wake mwaka 1960, imekuwa kama kanuni kwetu kwamba kutamba ni kutunga. Wimbo wa siku ya kwanza haukuwa nakala ya kitu kilichohifadhiwa mahali fulani. Ulitungwa jioni ile, ukapotea jioni ile. Nilikuwa nimenunua inchi, nami nilihitaji saa za kunasa sauti.

Simu zenyewe

Tarehe 30 Oktoba 2023, Rais William Ruto alizindua kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, katika kaunti ya Machakos. Kiwanda hicho, kijulikanacho kama East Africa Device Assembly Kenya, ni ubia unaozihusisha kampuni za Safaricom na Jamii Telecommunications pamoja na mtengenezaji wa simu kutoka China, na uwezo wake ulitangazwa kuwa unafikia simu milioni 1.4 kwa mwaka. Simu mbili zilizotajwa siku hiyo zilikuwa Neon Smarta, yenye kioo cha inchi 5, kwa shilingi 7,499, na Neon Ultra, yenye kioo cha inchi 6.5, kwa shilingi 8,999. Zote mbili ni za Android na zote hutumia mtandao wa kizazi cha nne.

Ili kuelewa maana ya bei hizo, hatuna budi kutazama nyuma. Kuanzia mwaka 2003, Nokia 1100 ilienea kwa sababu ilikuwa na vitufe vilivyokingwa dhidi ya vumbi, betri iliyodumu na kurunzi. Wakenya waliziita simu za namna hiyo "mulika mwizi". Mwaka 2007 ilikuja M-PESA, na simu hizo ndogo zikawa mikoba ya fedha. Mwaka 2011 Safaricom ilileta Huawei IDEOS, simujanja ya kwanza kuuzwa Kenya kwa wingi kwa bei ya watu wa kawaida, takriban shilingi 8,000. Kioo chake kilikuwa cha inchi 2.8. Shilingi 8,000 za mwanzoni mwa 2011 zilikuwa takriban dola 100. Shilingi 7,499 za Oktoba 2023, dola moja ilipokuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 150, zilikuwa dola 50 tu. Kwa kipimo cha dola, basi, simujanja ya bei ya chini ilikuwa imeshuka kwa nusu huku kioo chake kikikua. Hata hivyo, serikali ilikuwa imeahidi simu ya dola 40, na mnunuzi wa Funzi hapati mapato yake kwa dola.

Tuyatazame pia majina, maana kazi yetu ni lugha. "Mulika mwizi" ni jina lililotungwa na watumiaji wenyewe, nalo linataja kazi: simu hii humulika, na humulika usiku, wakati wa haja. "Smarta" ni neno la Kiingereza lililotiwa irabu mwishoni ili lipendeze sikioni mwa Mswahili. "Ultra" ni neno la Kilatini lenye maana ya kupita mpaka. Majina haya mawili hayatuambii simu hufanya nini; yanatuambia mnunuzi anatakiwa ajione vipi. Umma ulipotaja simu kwa kazi yake ulikuwa tayari umebuni mizani ya thamani. Biashara imetunyang'anya mizani hiyo, ikatupa rula.

Mizani ya Funzi

Kigezo cha kwanza ni kioo. Kwa hesabu ya rula, Ultra ndiyo nafuu: kila inchi yake hugharimu takriban shilingi 1,384, ilhali kila inchi ya Smarta hugharimu takriban 1,500. Hesabu hii ndiyo humshinda mnunuzi. Lakini inchi za kioo hupimwa kwa ulalo, kutoka pembe hadi pembe, kwa hivyo simu iliyorefushwa hupata inchi nyingi bila eneo lake kuongezeka kwa kiasi hicho. Pamoja na hayo, kioo kikubwa kinahitaji mwanga mwingi zaidi, na mwanga ndio unaokula betri kuliko kitu kingine chochote. Katika jua la mchana baharini, mvuvi huongeza mwanga hadi mwisho ili aone namba ya mnunuzi wa samaki. Hapo ukubwa wa kioo humgharimu tena, na malipo ya safari hii ni ya chaji.

Kigezo cha pili ni betri. Uwezo wa betri huandikwa kwenye kasha, lakini namba hiyo haisomwi peke yake. Betri kubwa yenye kulisha kioo kikubwa huenda isidumu kuliko betri ndogo yenye kulisha kioo kidogo. Tena, simu inayotafuta mawimbi dhaifu hutumia nguvu nyingi hata ikiwa mfukoni. Mtu anayekwenda nyuma ya mikoko au mbali na mnara atakuta betri imepungua ilhali hakuipiga simu wala hakuandika ujumbe. Kwa mtu wa mjini, kuchaji ni kunyoosha mkono ukutani. Kwa anayetegemea sola au kibanda cha kuchajia, kila chaji ina bei yake na saa zake.

Kigezo cha tatu ni kumbukumbu, na hapa wauzaji huchanganya mambo mawili. Simu ina ghala na ina jiko. Ghala ni hifadhi, mahali panapowekwa picha, nyimbo na rekodi. Jiko ni kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambamo programu hupikwa zinapotumika. Nyumba yaweza kuwa na ghala kubwa lakini jiko la chungu kimoja. Humo mlo wa watu kumi hautapikwa kwa wakati. Mwaka 2022 Google ilipotangaza toleo la 13 la Android Go, mfumo uliokusudiwa simu za bei nafuu, iliweka gigabaiti 2 kuwa kiwango cha chini cha kumbukumbu ya kufanyia kazi. Simu iliyo chini ya kiwango hicho, iwe na inchi ngapi, imekwisha achwa na wakati. Kwa hivyo mnunuzi asome kasha, aulize namba zote mbili, na asikubali ghala litajwe mahali pa jiko.

Kwa mtafiti wa fasihi, ghala lina hesabu yake. Sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja na ya ubora wa sidii, huchukua takriban megabaiti 318 kwa saa. Saa kumi za masimulizi ni gigabaiti 3.2. Sauti iliyobanwa kama zile za kutumiana vijumbe huchukua sehemu ndogo tu ya hiyo, lakini hupoteza baadhi ya sifa za matamshi ambazo mwanaisimu angezihitaji. Funzi si mahali pa kupoteza matamshi. Hapo ndipo penye Kichifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia maelezo mwaka 1958. Lambert alitumia kalamu na subira. Sisi tuna chombo chenye uwezo wa kunasa sauti yenyewe, na tunakijaza picha za kujipiga.

Kigezo cha nne ni maji ya chumvi. Kioo cha mguso hufanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo wa kidole. Maji ya bahari hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo kioo kilicholowa huona vidole visivyokuwapo. Chumvi ikiingia kwenye tundu la chaji, kutu hufuata. Hata zile simu za bei kubwa zinazothibitishwa kustahimili maji, majaribio yake hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Dau halijui cheti. Katika mazingira hayo kioo kikubwa ni shabaha kubwa zaidi ya tone, ya mchanga na ya kuanguka.

Kigezo cha tano ni lugha, na hapa simu zetu mbili ziko sare. Kwa kuwa zote ni za Android, mwenye nazo anaweza kuweka maelekezo yake kwa Kiswahili, akatumia kibodi ya Kiswahili, na hata akaandika kwa kutamka, uwezo ambao Google iliuongeza kwa Kiswahili mwezi Agosti 2017. Kwa mzee ambaye hakusoma sana, uwezo huo una thamani kuliko inchi moja na nusu ya ziada. Lakini kibodi hiyo inakijua Kiswahili sanifu tu. Mchifundi akiandika kwa lahaja yake hupendekezewa maneno ya watu wengine. Kasoro hii haitatibiwa na simu ghali zaidi. Itatibiwa na matini na rekodi za lahaja zikikusanywa na kuhifadhiwa, na kazi hiyo ni yetu.

Gharama isiyoandikwa dukani

Bei iliyobandikwa kwenye kasha ni malipo ya kwanza tu. Anayetumia shilingi 20 za bando kwa siku, ambazo wengi wetu tungeziita kidogo, atakuwa ametumia shilingi 7,300 mwaka ukiisha, yaani karibu bei yote ya Smarta. Kioo kikubwa humvuta mtu kutazama video, na video hula bando. Simu kubwa kwa njia hiyo huendelea kumdai mwenyewe baada ya kulipiwa.

Liko pia suala la kulipa kidogo kidogo. Mwaka 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanza kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Sina ubishi na nia ya mpango wa namna hiyo. Umewafikishia simujanja watu wasioweza kutoa elfu saba kwa mkupuo. Ninalosema ni kwamba methali ya haba na haba hujaza kibaba haikutaja kibaba ni cha nani. Mnunuzi yeyote wa mkopo azidishe malipo ya siku kwa idadi ya siku, aongeze malipo ya kwanza, kisha alinganishe jumla hiyo na bei ya fedha taslimu. Tofauti atakayoiona ndiyo bei ya kungojewa. Aamue mwenyewe kama inamfaa.

Hukumu

Baada ya kuyapima hayo yote, mwandishi wa makala haya anatoa hukumu mbili, wala hazipingani.

Kwa mvuvi, kwa mchukuzi wa abiria wa mashua, kwa mama auzaye samaki mwaloni na kwa mkusanyaji wa ngano, simu ya inchi 5 ndiyo yenye thamani zaidi, mradi ghala na jiko lake visiwe duni kuliko vya mwenzake. Hushikika kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika kamba au kalamu. Kisha ile tofauti ya shilingi 1,500, ambayo ni sehemu moja kwa tano ya bei ya Smarta, isirudi dukani kwa njia ya inchi. Inunue kadi ya kumbukumbu na mfuko wa kuzuia maji. Simu ndogo yenye kadi na mfuko itafanya kazi Funzi siku ambayo simu kubwa isiyo na vitu hivyo imezimika.

Kwa mwanafunzi wa shule asomaye vitabu kwenye kioo, kwa mwalimu asahihishaye insha alizotumiwa, na kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu, inchi 6.5 si anasa. Herufi zikikuzwa kwenye kioo kidogo, mstari hukatika, na msomaji hupoteza uzi wa sentensi. Huyu alipe shilingi 1,500 hizo bila majuto, ila akae karibu na chaji.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watasema kwamba maskini naye ana haki ya kitu kizuri, na kwamba kumshauri mvuvi achukue simu ndogo ni kumdharau. Pingamizi hili lina uzito, kwani heshima ni haja ya mtu kama chakula. Lakini dharau hasa ni ile ya kumuuzia mtu bila kumuuliza kazi yake. Fundi wa madau hamuuzii kila mtu chombo cha urefu mmoja. Huuliza kwanza, je, ni cha mkokoni au cha nje ya mwamba? Mvuvi wa Funzi anastahili kuulizwa swali kama hilo anaponunua simu.

Wajibu wetu

Napendekeza mambo mawili kwa chama chetu. Kwanza, tuandike kwa Kiswahili chepesi mwongozo wa ukurasa mmoja wa kumsaidia mnunuzi wa simu ya bei nafuu: maswali ya kumuuliza muuzaji, maana ya ghala na jiko, na namna ya kukokotoa jumla ya mkopo. Istilahi tunazo au twaweza kuziunda. Tusizifungie katika tasnifu. Pili, kabla ya mwanachama yeyote kwenda nyanjani, awe ameijaribu simu yake kwa saa mbili mfululizo za kunasa sauti, ikiwa imetolewa kwenye umeme, na awe na kadi tupu.

Mimi mwenyewe nitarudi Funzi bamvu lijalo nikiwa na simu ndogo na kadi mbili. Wimbo wa siku ya kwanza siutarajii tena. Nitamwomba bibi anitambie mwingine, na safari hii nitausikiliza hadi mwisho.